Muziki Utangulie, Watu Wafuate: Mwongozo Kamili wa DJ wa Harusi ya Shamba la Mizabibu

Shangazi mmoja aliyetoka Moshi aliwahi kufika harusini saa sita nzima kabla ya ndoa kufungwa. Mpwa wake kazaliwa Sacramento, Kiswahili chake cha kuokoteza, akampigia simu kumwambia ndoa ni saa nne. Kwenye kadi iliandikwa 4:00, yaani saa kumi jioni. Shangazi akashika alichoambiwa. Saa nne asubuhi alikuwa Sonoma, California, na kitenge chake na kilemba, anatazama trekta likipita katikati ya mistari ya mizabibu. Mimi nilikuwa nimewahi kwenda kupima umeme, kwa hiyo mwenyeji wake wa kwanza nikawa mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa ni harusini au shambani?"

Vyote viwili, shangazi. Na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Haya nawaandikia ma-DJ waliozoea kumbi za Dar, Arusha au Nairobi, halafu wakajikuta wameitwa kupiga kwenye kiwanda cha mvinyo huko California, ambako vijana wetu wa Marekani wanapenda kufungia ndoa. Saa zote humu ni za Kiswahili. Ukikaa na maharusi, andika saa za aina zote mbili kwenye ratiba, ya Kiswahili na ya Kizungu, bega kwa bega. Shangazi alinifunza hilo.

Kwanza, mahali penyewe

Ukumbini Mbezi kila kitu kinafanyika chumba kimoja. Watu wakishaketi wameketi. Kwenye shamba la mizabibu sherehe ina makao matatu: ndoa inafungwa kwenye mizabibu, vinywaji vinanyweka barazani au kwenye majani, na chakula na dansi vinakuwa ndani ya ghala la mapipa au chini ya hema. Watu wanahama mara mbili, na kila wanapohama sherehe inaweza kufia njiani. Nimeona wageni 120 wakikaa dakika arobaini kwenye majani wakati supu inapoa ndani, na MC anatangaza mpaka sauti inamkauka.

Nilichojifunza ni kwamba watu hawahami kwa tangazo. Wanahama pale muziki unapokoma walipo na kuanza wanakotakiwa kwenda. Karibu kila kitu kilichomo kwenye mwongozo huu kinatoka hapo.

Jambo moja kabla ya kukubali kazi: ukiambiwa "ni Napa", lile bonde maarufu la mvinyo huko California, uliza mara mbili. Kaunti ya Napa ililinda ardhi yake ya kilimo tangu 1968, na mwaka 1990 ikapitisha kanuni inayoeleza kiwanda cha mvinyo ni nini na kinaruhusiwa kufanya nini. Harusi haimo, isipokuwa kwa vichache vyenye ruhusa za zamani, na sehemu zilizo ndani ya mipaka ya miji zina kanuni zake. Ndiyo maana kazi nyingi zitakupeleka Sonoma, Livermore, Paso Robles au Temecula. Mwenye shamba pia atakudai hati ya bima ya dhima, yaani ya kulipa ukimwumiza mtu au kuharibu mali, mara nyingi ya dola milioni 1. Itafute mapema, usiombe wiki ya harusi.

Hatua ya 1: Panga ratiba kinyumenyume

Mkataba wa shamba una mstari mmoja utakaokutawala usiku mzima: muziki wa spika unazimwa saa 4:00 usiku. Mashamba mengi ndivyo yalivyo, kwa sababu bondeni kuna majirani na besi ya usiku inasafiri mbali. Hakuna "dakika tano tu, kaka." Meneja atakuja kusimama pembeni yako na saa yake, na amana inayoweza kukatwa ni ya maharusi, si yako.

Kwa hiyo anzia mwisho. Chukua Jumamosi ya Juni, Sonoma. Saa 4:00 kimya. Saa 3:55 wimbo wa mwisho. Dansi ya wote inafunguliwa 2:50. Kabla ya hapo keki 2:45, na maharusi wanafungua muziki 2:35. Hotuba zianze 1:45 zimalizike 2:10, ili maharusi wapate dakika ishirini za kupigwa picha jua likizama. Chakula saa 12:50. Maharusi wanaingia 12:40. Vinywaji barazani 11:30 mpaka 12:30. Ndoa saa 11:00 jioni.

Hesabu sasa dakika za dansi. Ni 65. Mtu aliyezoea harusi inayochangamka saa tano usiku, hapa moyo unamlipuka.

Ndiyo maana kamati lazima ielezwe mapema, na ielezwe na wewe, maana mratibu wa sherehe wa Kimarekani hajui ndafu ni nini. Familia ya Kichagga itataka mbuzi aingie mzima na majani mdomoni. Upande mwingine utataka zawadi zitolewe kwa makundi, kila kundi na wimbo wake: ukoo wa baba, ukoo wa mama, wafanyakazi wenzake, kikundi cha kina mama. Wengine watataka kumtunza bibi harusi. Vyote vizuri, ila ukivipanga vyote dansi itabaki dakika kumi. Mimi nawaambia waziwazi: "Tuna nafasi ya msafara mmoja. Mnauchagua upi?" Karibu kila mara ndafu inashinda, nayo naiingiza mwanzo wa chakula ili muziki wake uwe ndio unaowakalisha watu mezani. Zawadi zihamie nyumbani Jumapili. Wakwe wa Kimarekani hawana subira ya mistari saba ya zawadi, na kusema kweli hata sisi hatunayo. Tunavumiliana tu.

Usisahau jua. Kwetu linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo DJ wa Nairobi hana haja ya kulifikiria. Sonoma katikati ya Juni linazama kama saa 2:35 usiku, na katikati ya Oktoba kama saa 12:30 jioni. Ratiba ya Juni ukiipeleka Oktoba, picha za machweo zitaangukia kwenye vinywaji, na maharusi wataingia ukumbini gizani. Muulize mpiga picha anataka jua saa ngapi, ndipo uanze kujaza sehemu nyingine.

Hatua ya 2: Litembee shamba

Nenda siku nyingine kabla, lakini saa ile ile ya ndoa. Asubuhi shamba litakudanganya, kimya kabisa, hata jani halitikisiki. Jioni upepo wa bahari unaingia. Kusini mwa Sonoma kuna pengo la milima la Petaluma linalovuta upepo wa Pasifiki, na Temecula nayo ina pengo la Rainbow. Upepo huo unaufaa mzabibu na ni adui wa maiki.

Tafuta soketi na ujue zinalishwa na swichi ipi. Marekani umeme wa kawaida ni volti 120, na saketi moja mara nyingi ni ya ampea 20. Hiyo ni wati 2,400, na kwa matumizi ya muda mrefu usizidi asilimia 80 yake, yaani wati 1,920. Sisi tuliokulia kwenye volti 230 tunasahau jinsi hesabu hiyo inavyobana. Mara moja spika zangu zilikuwa ndani ya hesabu, sina wasiwasi wowote. Wapishi wakaja na birika kubwa la kahawa, wati 1,500 peke yake, wakalichomeka kwenye soketi ya jirani. Baba wa bibi harusi alikuwa anaanza sala ya chakula. Aliposema "Mungu wetu tunakushukuru," kila kitu kikazimika. Mzee aliendelea kwa sauti yake mwenyewe, na nadhani Mungu alisikia, ila meza za nyuma hazikusikia.

Tangu siku hiyo nabandika utepe wa rangi kwenye soketi zangu na kuandika "DJ TU" kwa Kiingereza na Kihispania, kwa sababu jikoni huko wafanyakazi wengi ni Wamexico. Namwomba pia mtu wa shamba anionyeshe sanduku la swichi kuu. Na kwenye gari daima kuna spika moja ya betri.

Kivuli nacho. Kompyuta za MacBook zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na meza ya chuma iliyokaa juani mchana wa Agosti inapita hapo kirahisi. Omba mwavuli, au geuza meza.

Mtandao bondeni ni wa kubahatisha. Nyimbo zote ziwe ndani ya mashine, pamoja na zile ambazo mjomba "atazikumbuka" saa tatu usiku.

Kama ni Agosti mpaka Oktoba, ujue ni mavuno. Kutakuwa na matrekta, nzi wadogo wa matunda, na harufu ya zabibu zinazochachuka. Mvinyo unaochachuka unatoa hewa ya kaboni dioksidi ambayo ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Usiweke vyombo wala msaidizi kwenye chumba cha matangi kwa sababu tu kuna nafasi.

Hatua ya 3: Sauti ya ndoa

Nje hakuna kuta za kukusaidia. Kila umbali kutoka kwenye spika unapozidi mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6. Aliye mita 3 na aliye mita 24 wanatofautiana desibeli 18: wa mbele anaziba masikio, wa nyuma anauliza "kasemaje?" Dawa yake si kuongeza sauti. Weka spika mbili ndogo mbele na mbili katikati ya viti, kila moja kwa sauti ya kiasi. Kama za katikati ziko mita 17 nyuma ya zile za mbele, zicheleweshe milisekunde 50 hivi ili maneno yafike pamoja, la sivyo mchungaji ataonekana anajijibu.

Mchungaji umbane maiki ndogo kifuani, na sifongo la kuzuia upepo juu yake. Bwana harusi pia. Bibi harusi usimguse; gauni halina mahali, na sauti yake itaingia kwenye maiki ya bwana harusi wakisimama karibu. Kata sauti nzito za maiki zote chini ya hezi 100, ndipo upepo unapokaa. Na kama ulinunua maiki zako zamani au umezileta kutoka nyumbani, angalia masafa yake: sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600 ilipewa kampuni za simu, na tangu tarehe 13 Julai 2020 huruhusiwi kuyatumia kwa maiki Marekani.

Sasa kuingia kwa bibi harusi. Mstari wa mizabibu ni mrefu kuliko njia ya kanisani, na chini ni kokoto. Tembea mwenyewe na saa mkononi, halafu uzidishe mara mbili. Kuna mara nilihesabu sekunde 50, bibi harusi akatumia dakika mbili na ushee, kwa sababu baba yake alitembelea fimbo na hakuna aliyeniambia. Wimbo uandae uweze kuzungushwa pale penye kiitikio bila mtu kugundua, na usiukate mpaka baba amembusu binti na ameketi. Huwezi kumwona bibi harusi akiwa nyuma ya ghala mita 80 mbali, kwa hiyo mpe msaidizi redio ya mkononi ya kuongelea akae naye. Simu usiitegemee.

Hatua ya 4: Kuwahamisha

Hapa ndipo mshahara wako ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dakika tatu kabla ya ndoa kwisha, msaidizi anawasha spika ya barazani kwa sauti ya chini. Mizabibuni hakuna anayeisikia bado. Mchungaji anawatangaza mume na mke, vigelegele vinalipuka, unapiga wimbo wa kutokea kwa sauti kamili. Maharusi wanapita, wapambe wanapita, wazazi wanapita. Wimbo unakwisha.

Usipige mwingine. DJ wengi hapa wanaona kimya ni aibu, wanaweka wimbo wa pili, na huo wimbo wa pili ndio unaowagandisha watu pale pale. Watu wetu wakikutana hawaachani upesi. "Za siku nyingi! Watoto hawajambo? Huyu ndiye yule mdogo?" Ukiwapa muziki umewapa sebule. Ukiwapa kimya, masikio yanainuka, yanasikia rumba inalia kwa mbali barazani, na miguu inafuata bila kuambiwa.

Kutoka barazani kwenda ndani ni vigumu zaidi, kwa sababu sasa watu wana glasi mkononi. Kaa na mhudumu wa vinywaji tangu mchana mkubaliane: muziki wa nje ukizima, meza yake ya nje inafungwa, na chupa zinafunguliwa ndani. Watu wanafuata muziki, ila wengine wanafuata glasi, na ukiwa na vyote viwili upande mmoja umemaliza kazi. Saa 12:20 anza kushusha sauti kidogo kidogo mpaka wageni wasikie mazungumzo yao wenyewe. Saa 12:28 zima. Papo hapo milango ya ghala inafunguliwa na ndani kunapigwa kitu chenye ngoma, kwa sauti ya kusikika nje.

Tangazo liwe moja, Kiswahili kisha Kiingereza, sentensi mbili basi. Halafu tafuta mashangazi wawili uliowaandaa. Hakuna tangazo duniani linaloshinda vigelegele vya mashangazi wawili wanaotembea. Wa Moshi yule, baada ya kusubiri saa sita, alinifanyia kazi hiyo vizuri kuliko MC yeyote niliyewahi kumlipa.

Hatua ya 5: Chakula

Ghala la mapipa ni baridi, nyuzi 13 au 14, na sakafu yake ni saruji. Sauti inadunda kama kisimani. Punguza besi, elekeza spika sakafuni pa dansi, si ukutani. Wazee wakae mbali na spika, na mkumbushe mtu awaletee mitandio.

Muziki wa chakula ni wa kupiga chini ya sauti za watu. Rumba ya zamani inafaa pande zote mbili. Mmarekani hajui maneno ila gitaa analielewa. Taarabu nayo ni tamu sana na mvinyo, lakini chagua ya vinanda. Ukipiga ya mipasho kuna meza moja itadhani umetumwa, na meza nyingine itajua ni nani aliyekutuma.

Kumbuka si kila mtu anakunywa. Waislamu wengi wa pwani hawataweka karamu yao kwenye kiwanda cha mvinyo, lakini watakuja kama marafiki, na Walokole wetu nao wamo. Ukiongoza kuinua glasi sema, "Inueni glasi zenu, chochote kilichomo." Maneno mawili ya nyongeza, na hakuna anayejisikia mgeni.

Hatua ya 6: Hotuba na wazee

Huko DJ ndiye MC mara nyingi, kwa hiyo maiki ni yako. Mpe anayezungumza ikiwa imeshawashwa, simama hatua mbili pembeni, kidole kwenye sauti yake. Wapambe wapewe dakika tatu tatu. Akizidisha kijana, muziki wa chini chini unaingia taratibu na yeye mwenyewe anaelewa.

Mzee hapigiwi muziki. Hata akichukua dakika kumi na tano, hata jua likizama. Kazi yake unaifanya mapema. Unamfuata mezani kabla hajaitwa: "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." "Mzee, tunakusubiri kwa hamu. Huku wenzetu wana saa yao, tuna dakika tano za baraka zako." Wengi wanakubali na wanazitunza. Wachache wanaanzia 1961. Kwa hao nina kina mama meza ya mbele. Mzee akipumua mahali pazuri, baada ya kutaja majina ya wajukuu kwa mfano, natazama meza ile, vigelegele vinapigwa, watu wanasimama kupiga makofi, na mzee anarudisha maiki akiwa ameheshimiwa kuliko angeendelea.

Hotuba ziwe kabla ya dansi, kamwe zisigawanywe katikati yake. Na ziwe kabla ya chupa ya nne kwa meza.

Hatua ya 7: Pengo la machweo

Saa 2:10 mpiga picha anawachukua maharusi kwenda mizabibuni. Wageni wanabaki na mvinyo na hakuna la kutazama. Wengine wataanza kutafuta funguo za gari. Mwanga wa ghala ushushe, tempo ipande kidogo, na uwaambie wageni kinachoendelea: "Maharusi wamefuata jua. Wakirudi, tunafungua muziki." Mtu anayejua anachosubiri hatafuti funguo.

Wanaporudi wasiketi. Waingie moja kwa moja sakafuni, wakiwa na vumbi la shamba kwenye viatu. Dansi yao ya kwanza usiiache ifike dakika nne. Wengi hawajui kucheza zaidi ya dakika mbili, na baada ya hapo wanazunguka tu. Dakika ya pili waite wazazi, kisha wapambe. Keki, picha, na kabla watu hawajarudi vitini unafungua.

Hatua ya 8: Dakika 65

Mbele yako kuna nusu mbili, wa kwetu na wakwe. Kosa kubwa ni kupigia nusu moja dakika ishirini halafu kugeukia nyingine. Unakuwa na harusi mbili zinazopokezana viti. Nyimbo mbili za mwanzo ziwe zile ambazo bibi wa Ohio na bibi wa Kisumu wote wanazijua, za zamani, za kupiga makofi. Wimbo wa tatu ni kwaito.

Kwa asiyejua: kwaito ya harusini kwetu si ya kuchezwa wawili wawili. Watu wanapanga mistari, hatua nne huku, nne kule, wanageuka. Wamarekani nao wana dansi zao za mistari, kwa hiyo hawaogopi. Ndani ya dakika mbili unaona mkwe wa miaka sabini na tai yake mfukoni amepangwa katikati ya binamu wawili kutoka Tabata, anakosea upande wa kugeuka, na hakuna anayejali. Baada ya hapo sakafu ni moja mpaka mwisho. Ukiipiga kwaito saa 3:30 umechelewa, walioketi wameshaamua wao ni wa kuketi.

Panda polepole. Bongo Fleva nyingi ziko kama mapigo 100 kwa dakika, Amapiano ni kama 112, na sebene ya Kikongo inaweza kupita 125. Ukianza na sebene huna pa kwenda. Kama saa 3:20 weka nyimbo mbili za zouk, si zaidi, wenye wenza wakumbatiane na wengine wakanywe maji. Saa 3:35 rudi juu. Basi la wageni litangaze mara moja tu, saa 3:40, maana ukirudia rudia unawafukuza.

Mjomba atakuja na simu yake kukuonyesha wimbo. Usimwambie "inakuja" kama haiji. Atarudi kila baada ya dakika tano, na kila mara amesogea zaidi na glasi juu ya miksa yako. Mimi meza yangu ina ukingo wa plastiki mbele, na glasi haivuki.

Dakika kumi na tano za mwisho ni za sebene. Gitaa likianza kusokota, hata wapishi watatoka jikoni.

Hatua ya 9: Kuzima na kufunga

Wimbo wa mwisho wachague maharusi wenyewe, na uwe wenye maneno ambayo watu wanaweza kuimba. Saa 3:59 shusha spika kabisa, waache waendelee bila wewe. Kanuni inazima spika, haizimi vifua. Mara nyingi kina mama watachukua hapo hapo, watawasindikiza maharusi mpaka kwenye gari kwa nyimbo za kwao na makofi, na meneja aliyekuja na saa yake atabaki amesimama hajui la kufanya. Wasiendelee mpaka saa 4:30 lakini. Wewe ndiye utakayepigiwa simu Jumatatu.

Kisha nyaya. Zikunje ukiwa na taa ya kichwani, kwa sababu taa za shamba zinazimwa upesi. Futa miksa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mvinyo ukikauka unanata. Halafu hesabu maiki kabla hujafunga buti la gari. Ya mkononi ipo, ya akiba ipo. Inayokosekana daima ni ile ndogo ya kifuani, na daima iko kwenye koti la mchungaji, ambaye saa hizo yuko njiani kwenda uwanja wa ndege wa San Francisco, anaongea na mkewe, na taa nyekundu bado inawaka.